Kava Huiva kwa Beti Nne

Wiki ya kwanza niliyofungua duka langu la kuchapa barua na kutoa kopi pale Karatu, nilidhani nimepanga jirani na familia yenye misiba isiyokwisha. Saa mbili asubuhi, ukungu haujatoka barabarani, sauti nene ya mzee upande wa pili wa ukuta wa mbao ilianzisha wimbo wa mazishi. Ukaimbwa wote, beti nne na kiitikio chake, ukaisha. Kikafuata kimya, mlio wa chuma kikifunguliwa, kitu cha moto kikitumbukizwa kwenye maji. Halafu wimbo uleule tena, tangu mwanzo. Kufikia saa sita mchana tulikuwa tumeshazika watu tisa.

Siku ya tatu mama mmoja aliyetoka Kansay kuuza maharage alisimama mlangoni kwa jirani yangu, akatua mzigo, akavuta kanga begani.

“Poleni jamani. Nani tena?”

“Hajafa mtu, mama. Kava linaiva.”

“Linaiva kwa wimbo huo?”

“Kwa wimbo wa harusi lingetoka bichi.”

Mama alitafakari, akajitwisha mzigo wake. “Basi poleni hivyohivyo,” akasema, akaendelea na safari.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Mwalimu wa Kwaya. Mji mzima ulimwita hivyo, ingawa wakati huo hakuwa na kwaya yoyote. Alikuwa na chumba chenye upana wa hatua nne, kompyuta iliyong’oka vitufe viwili, printa moja, beseni la maji, na mashine ya vakyumu aliyoilinda kama ng’ombe wa mahari. Kazi yake ilikuwa kuchapa picha kwenye makava ya simu.

Nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo mzee huyu haeleweki. Alichukua picha ya mteja, akaichapa kinyumenyume kwenye karatasi kwa wino maalumu. Picha kwenye karatasi ilionekana imepauka kama shuka iliyofuliwa miaka kumi, na wateja wengi walianza kulalamika hapohapo. Aliwaacha walalamike. Aliibandika karatasi kwa utepe juu ya kava tupu jeupe, akaliweka ndani ya mashine, ambayo ni sanduku la chuma lenye mfuniko na ngozi ya mpira. Pampu ikinguruma, hewa hunyonywa na mpira hulikumbatia kava kila upande mpaka kwenye kona. Moto ukipanda, wino hugeuka mvuke na kuingia ndani ya plastiki. Ukilitumbukiza kava kwenye maji lipoe, ukabandua karatasi, rangi zilizokuwa zimelala zimeamka. Ukitoa kava mapema, picha hupauka. Ukichelewa, plastiki nyeupe huungua ikawa ya njano. Kati ya kupauka na kuungua kuna dakika sita.

Saa ya mashine ilikuwa imekufa tangu siku iliposhushwa kwenye basi la Arusha kwa kudondoshwa. Mtu mwingine angeitengeneza. Yeye aliimba.

“Kwa nini usitumie saa ya simu?” nilimuuliza mara ya kwanza tu tulipozungumza. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilisoma fizikia chuoni, nikarudi nyumbani na shahada, na mpaka leo mama yangu analalamika kwamba sala ikiisha mezani siitiki Amina. Huwa namjibu kwamba nitaitika nikishakubaliana na kilichoombwa.

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. “Simu ndiyo inayoshonewa nguo, Msomi. Umewahi kuona mteja anajipima mwenyewe?”

Tangu siku hiyo nikawa Msomi. Hakuwahi kuniita jina lingine.

Kwa kuwa sikuamini, nilipima. Nilikaa upande wangu wa mbao na kidaftari cha kurasa ndogo na saa ya simu, nikawa naandika kila wimbo ulichukua muda gani. Nilitegemea kumkamata ndani ya siku mbili. Wiki nzima ilipita. Dakika sita. Dakika sita na sekunde moja. Dakika tano na sekunde hamsini na tisa. Dakika sita. Binadamu hawezi, nilijiambia, na nikaendelea kuandika. Hata siku aliyokuwa na mafua, akiimba kama trekta lililokataa kuwaka, alimaliza kwenye dakika sita na sekunde mbili. Nikaanza kutamani akosee, kwa ajili ya sayansi.

Waliomkosesha walikuwa wateja. Karatu watu wanaimba; ukianzisha wimbo wa kanisani mbele ya watu watano wanaosubiri, watatu watakuchukulia sauti bila kuombwa. Walutheri wenzake hawakuwa na shida, walikuwa wamefundishwa naye. Lakini alikuja kijana mmoja wa kanisa la uamsho, dereva wa watalii, na alipofika kwenye kiitikio akaanza kupiga makofi. Wengine wakamfuata. Wimbo wa mazishi ukakimbia kama unawahi gari, na kava likatoka limepauka, bibi harusi haonekani vizuri yuko upande gani.

“Wewe!” Mwalimu alimnyooshea mkono wenye glavu. “Umeukimbiza wimbo!”

“Mzee, si tumechangamsha tu?”

“Marehemu umewahi kumwona akichangamka?”

Kesho yake niliona tangazo ukutani, kwa herufi kubwa: MTEJA, USIIMBE KAMA HUJUI KASI. Alikuwa ameniomba nimtolee kopi mbili, moja ya ndani na moja ya nje.

Alikuwa na masharti mengine. Hakuchapa picha ya kitu ambacho mteja hakijui. Madereva wote wa Karatu wanataka simba, na kila mmoja alihojiwa kama shahidi. “Simba huyu umemwona wewe? Wapi? Alikuwa amelala au amesimama?” Aliyebabaika alirudishwa akapige picha yake mwenyewe. Dereva mmoja alirudi baada ya siku nne na picha ya matako ya simba akiingia vichakani kule kreta ya Ngorongoro. Mwalimu aliichapa kwa heshima zote. “Huyu ni wake,” aliniambia. “Ukimuuliza habari zake anazo.” Dereva yule alizunguka na matako ya simba mfukoni mwaka mzima na nadhani hakuna aliyekuwa na kava la kweli kuliko lake.

Kukata watu kwenye picha hakukumsumbua hata kidogo. Wasichana walimletea picha za uchumba uliovunjika, naye aliondoa mchumba kama anayekata majani ya kitunguu. Mmoja alirudi analalamika.

“Mwalimu, umemtoa, lakini mkono wake umebaki begani kwangu.”

“Ningeutoa, bega lako lingekwenda nao.”

“Sasa nikipata mwingine akiniuliza huu mkono wa nani?”

“Mwambie wa shangazi.”

“Mkono wenyewe una saa ya kiume!”

“Shangazi mkali,” akasema, akamrudishia kava.

Jambo lililonifanya nianze kumheshimu, japo sikumwambia, lilikuwa rangi nyeupe. Mashine yake haikuwa na wino mweupe. Hakuna mashine ya aina ile iliyo nao. Panapotakiwa weupe, huchapi kitu, plastiki yenyewe ndiyo inaonekana. Meno, macho, shela, mvi, vyote ni mahali ambapo wino haukugusa. Nililijua hilo kwa akili, lakini sikulielewa mpaka alipokuja kijana wa Kimaasai kutoka njia ya Loliondo, na picha ya dume lake jeupe la ng’ombe.

“Huyu,” kijana alisema, “namtaka huyu. Majani sina haja nayo.”

“Nimekuelewa,” alisema Mwalimu. “Tutachapa majani, tutachapa mbingu, tutachapa vumbi. Dume tutamwacha.”

“Kumwacha?”

“Hatutamgusa kabisa.”

Kijana alinigeukia mimi, niliyekuwa mlangoni, kama mtu anayetafuta mwenye akili chumbani. “Dada, nimetembea tangu alfajiri kwa ajili ya dume. Mzee anasema atanichapia majani.”

“Subiri beti nne,” nilimwambia.

Alisubiri amesimama, fimbo mkononi, uso wa mtu anayeibiwa mchana kweupe. Kava lilipotoka kwenye maji, karatasi ikabanduliwa, dume lilikuwa katikati ya majani, jeupe linang’aa, pembe moja ikiingia mawinguni. Kijana alilishika kwa mikono miwili. Alitoka nje, akapiga simu, akaongea kwa Kimaa muda mrefu, na baada ya nusu saa wakafika wenzake watatu kuja kumwona ng’ombe waliyemwona kila siku.

“Mashine inafanya kazi nyingi,” Mwalimu aliniambia wanaume wale walipoondoka, “lakini nyeupe hairidhii kufanyiwa kazi. Inataka uiache kwa wakati wake. Ukizidisha tu, imekuwa njano, na hakuna wa kuirudisha.”

Yeye mwenyewe alikuwa na simu ya kitochi iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Hakuna kava lililoitosha. Simu yangu, kwa upande mwingine, ilikuwa ya kisasa na haikuwa na kava, kwa msimamo: simu ni ya kutumika, si ya kupambwa. Hilo lilimuumiza kila siku. “Msomi, simu yako iko uchi mbele za watu,” alisema. Ilianguka mara mbili, kioo kikapasuka. Mara zote mbili aliusikia mlio kupitia ukuta, na mara zote mbili alikohoa.

Tulibishana kila siku, na kwa kawaida mimi ndiye niliyekuwa na hoja na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Siku moja kona za makava hazikushika rangi vizuri. Alisema ni hewa ya Karatu, kwamba ni nyepesi. Nilicheka. “Mwalimu, mashine inanyonya hewa, sasa hewa nyepesi inaidhuru vipi?” Alisema hajui vipi, ila akiimba kule chini Mto wa Mbu pumzi moja inamtosha mistari miwili, na akiimba huku juu inamtosha mmoja na nusu, kwa hiyo hewa ya huku ina upungufu, na kama inampungukia yeye itakuwaje isiipungukie mashine? Nilirudi kwangu nimeshinda. Usiku kitandani nikakumbuka kwamba mashine ya vakyumu haivuti mpira. Ni uzito wa hewa ya nje ndio unaoukandamiza, na kadiri unavyopanda mlimani uzito huo hupungua. Nilikuwa nimelifanyia mtihani jambo hilo nikapata A. Asubuhi nilimwambia. Hakushangilia. Aliongeza tu vipande vya utepe kwenye kona, akasema, “Chuo ni kizuri. Kinathibitisha.”

Sasa niseme kwa nini hakuwa na kwaya.

Kanisa lake lilipata watu wengi, ibada zikawa tatu kila Jumapili, na kamati ikaamua kwamba nyimbo zipunguzwe, beti mbili zinatosha. Pia walinunua kinanda chenye ngoma ndani yake. Mwalimu alisimama kwenye kikao akawaeleza kwamba wimbo wowote wa maana una kazi nne. Ubeti wa kwanza unasema shida. Wa pili unaililia. Wa tatu unajibiwa. Wa nne unashukuru. “Mkiishia wa pili,” alisema, “mmempigia Mungu simu, mmelia, mmekata kabla hajapokea.”

Watu walicheka, na nadhani angeshinda siku ile. Lakini mjumbe mmoja akasema taratibu kwamba tatizo si beti, tatizo ni Mwalimu. Kwamba amezeeka, anavuta nyimbo polepole, wimbo wake mmoja siku hizi ni mrefu kama mahubiri.

Hilo la kuzeeka aliliacha lipite. La kuvuta lilimchoma. “Wimbo wa beti nne ni dakika sita,” alisema. “Ulikuwa sita nilipoanza, ni sita leo.” Akaweka uma wake wa kupatia sauti juu ya meza ya kikao, akatoka. Mwezi uliofuata alinunua mashine kwa mafao yake.

Watu wanasema alinunua mashine apate riziki. Mimi nilikaa upande wa pili wa mbao na najua. Kila kava lililotoka jeupe lilikuwa jibu kwa yule mjumbe. Mzee alikuwa anathibitisha, mara tisa kabla ya chakula cha mchana, kwamba havuti.

Kanisani aliendelea kwenda. Alikaa benchi la nyuma. Kwaya ikimaliza ubeti wa pili na kinanda kikizimwa, watu wote wakakaa, yeye alibaki amesimama na kuimba wa tatu na wa nne, peke yake, kwa sauti ya kwanza kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuishika. Mchungaji mgeni wa kwanza alidhani ni mgonjwa. Baadaye walizoea, na mchungaji alitumia muda ule kutafuta miwani yake. Nilikwenda mara moja kushuhudia. Nilitoa kidaftari. Kasi ilikuwa ileile.

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Mwaka jana ndipo kidaftari kilipoanza kunisumbua.

Mwanzoni ilikuwa sekunde kumi. Nikasema ni baridi. Halafu ishirini. Halafu siku moja nikaandika dakika sita na sekunde arobaini, nikaifuta, nikapima tena, nikapata arobaini na tatu. Nilisikiliza vizuri. Noti zenyewe hazikuwa zimebadilika. Ila katikati ya mistari, pale ambapo zamani alipita moja kwa moja, sasa palikuwa na pumzi. Pumzi ndogo, iliyofichwa kwa ustadi wa mtu aliyefundisha wengine kuificha. Ilikuwa inaongezeka.

Makava yakaanza kuwa na weupe wa maziwa, halafu weupe wa uji. Wateja wachache waligundua. Aliulaumu umeme. Aliilaumu plastiki, akasema siku hizi inatoka kiwandani imeshachoka. Mimi, ninayeuliza kila kitu, niliyemuuliza mama yangu mbele ya wageni kama kweli aliota ile ndoto anayoihadithia, sikuuliza. Nilifunga kidaftari nikakiweka chini ya mashine ya kopi. Kisha nikapata kazi ya kupokea wageni kwenye hoteli moja kule Ngorongoro, juu ya ukingo wa kreta, na niseme ukweli, nilifurahi kwenda mahali ambapo sisikii wimbo ule. Duka nilimwachia dada yangu.

Mwezi uliopita nilishuka kwa mapumziko. Ilikuwa Ijumaa. Dada yangu alinipokea kwa habari kabla sijashusha begi.

“Kwaya yake ya zamani inafanya jubilei Jumapili. Wameagiza makava arobaini, picha ya kwaya nzima. Amechapa sita ya kuwaonyesha.”

“Yakoje?”

“Mwenyekiti wa kwaya alikuja nayo asubuhi. Ngoja nikuambie alivyosema.” Dada yangu alishika kiuno, akawa yule mama mwenyekiti mtupu. “‘Mwalimu, sisi tunakuheshimu, tumekuletea kazi sisi wenyewe ili yaishe. Lakini haya majoho yetu meupe, hivi tumeyafulia korongoni?’”

“Akasemaje?”

“Alisema ni plastiki. Mama akasema sawa, arudie, kesho jioni anakuja kuchukua. Likitoka la njano hata moja kazi inakwenda Arusha. Na yule mjumbe wa kamati, yule wa kuvuta, alikuwa pale nje kwenye pikipiki. Alitabasamu tu. Tangu wameondoka sijasikia wimbo.”

Niliingia kwake. Alikuwa ameketi kwenye stuli mbele ya mashine, glavu zimevaliwa. Juu ya meza makava arobaini matupu yalikuwa yamepangwa, na karatasi za picha ya kwaya zimeshakatwa. Hakuwa na kava la ziada, nilihesabu. Lile la kwanza lilikuwa limeshabandikwa picha. Yale sita yaliyoharibika yalikuwa dirishani, kwaya sita zenye majoho ya rangi ya chai ya maziwa.

“Msomi. Shikamoo siisikii?”

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umenenepa. Huko juu wanakulisha.” Kisha, bila kugeuka: “Kile kidaftari umekuja nacho?”

Nilihisi uso unawaka. “Kidaftari gani?”

“Mbao zina matundu, binti. Miaka yote ile nilikuona unaandika. Unadhani kwa nini niliimba vizuri hivyo?”

Nilikwenda kukichukua. Kilikuwa palepale chini ya mashine ya kopi, kimepata alama ya kikombe.

“Ya mwisho uliandika ngapi?”

“Ni ya zamani, Mwalimu. Hata hivyo tungeweza kutumia saa tu. Hii hapa, simu yangu. Dakika sita zikiisha inalia.”

“Italia,” alikubali. “Nalo kava litakuwa zuri. Lakini mimi sijakuuliza habari za kava.”

Nje pikipiki ilipita.

“Imba,” nilisema. “Nipime ya leo.”

Aliimba mashine ikiwa imezimwa. Nilikaa mbele yake, si nyuma ya mbao, na kwa mara ya kwanza niliona kilichokuwa kikitokea. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapiga kasi pajani, sahihi kabisa, kama zamani. Sauti ndiyo iliyochelewa. Kila mstari mkono ulifika kwanza, ukaingojea pumzi, pumzi ikafika, wakaendelea pamoja. Alimaliza ubeti wa nne, akafumbua macho.

Ningeweza kusema sita na nusu. Nilikuwa nimeshaliandaa hilo mdomoni.

“Saba na sekunde hamsini,” nilisema.

Alitikisa kichwa kidogo, kama fundi anayesikia gari analolijua. Alikaa akitazama zile kwaya sita za dirishani. Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta mahali pa kutazama.

“Kwa hiyo kila ubeti umekuwa dakika mbili kasoro.”

“Kasoro sekunde mbili na nusu.”

“Alisema kweli, basi, yule bwana. Ila alisema mapema mno.” Akavua miwani, akaifuta kwa shati. “Beti tatu zitakuwa ngapi?”

Nilimtazama. Mtu huyu alikuwa ameacha kwaya yake. Alikuwa amesimama peke yake kila Jumapili kanisa zima limekaa.

“Tano na sekunde hamsini na mbili,” nilisema. “Lakini Mwalimu, wewe hukati.”

“Sikati wa tatu. Sikati wa nne. Wa kwanza ukikatwa Mungu hatajua tunaongelea nini.” Akavaa miwani. “Tukate wa pili. Ule ni wa kulia tu, na tumeshalia vya kutosha.”

Akawasha mashine. Taa ya mashine ya kopi ya dada yangu upande wa pili ilififia, dada akapiga kelele, maisha yakarudi kuwa ya kawaida. Moto ulipofika, aliliweka kava la kwanza, akafunga mfuniko, kisha akasita, mkono juu.

“Zinabaki sekunde nane.”

“Sekunde nane si kitu.”

“Kwenye nyeupe ni kitu. Utaimba Amina.”

“Mimi?”

“Amina ndefu, ile ya kupanda na kushuka. Peke yangu pumzi haitafika mwisho. Mimi ya nne, wewe ya pili.”

“Mwalimu, unanijua. Mimi Amina siitiki mpaka nikubaliane na kilichoombwa.”

“Tumeomba majoho yatoke meupe,” alisema. “Hukubaliani?”

Pampu ilinguruma, mpira ukalikumbatia kava. Aliimba ubeti wa kwanza, akaruka korongo akatua kwenye wa tatu, akajibiwa, akashukuru. Mkono wake ukaniita. Niliingia kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nikiwa na miaka tisa, tukapanda, tukashuka, nikabonyeza saa. Alifungua mfuniko, akatumbukiza, akabandua karatasi. Wanakwaya wote thelathini walikuwa wamesimama mistari mitatu, midomo wazi, na majoho yao yalikuwa meupe.

Niliandika kwenye kidaftari: dakika sita, Amina imo. Nikamwonyesha. Aliisoma, akalitazama kava, akanitazama mimi.

“Kava zuri,” alisema. “Sauti ya pili ilishuka. Tupia lingine, yamebaki thelathini na tisa.”